Macho Yanayofika Mwisho wa Zulia

Zuwena mwanangu,

Ijumaa imepita na kikao hakikuvunjika. Nimetafuta mtu wa kumpa habari hiyo kwanza, nikaona ni wewe tu unayestahiki. Ulizoea kuniambia kwamba barua zangu zinasomeka kama taarifa za mkaguzi wa shule. Vumilia. Nimefundisha nahau umri wangu wote, na mkono huu haujui njia nyingine.

Nianze na nyumbani, maana najua ungeuliza hapo kwanza. Mama yako anakula. Wiki za mwanzo alikuwa akiisukuma sahani. Sasa anakula, na juzi alimgombeza mdogo wako Khalfan kwa kuacha viatu vyake katikati ya mlango. Mimi na Khalfan tulitazamana kwa furaha, kama watu waliosikia mvua juu ya bati. Nyumba yako ya Wadi Kabir haikufungwa. Khalfan anaishi humo peke yake, na zulia lako limebaki sebuleni palepale ulipolitandika. Mahali pako ninakaa mimi. Naegemea mto wako, na kile kipande cha kadibodi ulichokuwa ukificha nyuma yake ramani zako kimesimama mbele yangu.

Sikupataka mahali hapo. Ijumaa ya kwanza baada ya matanga yako tulikusanyika kwa mazoea tu, hakuna aliyegusa dadu za mchezo wetu. Rehema alileta sambusa na zikapoa. Mwishowe alisema: "Mwalimu, wewe ndiye mkubwa wetu. Ukikataa wewe, sisi hapa kila mtu na njia yake." Nikakubali. Nilikubali kwa hofu, Zuwena, si kwa ushujaa. Wewe unajua Ijumaa zangu zilikuwaje kabla hujaniita.

Zilikuwa hivi. Baada ya kufiwa na mke wangu nilikuwa nikirudi msikitini, nafungua gazeti, na kusahihisha makosa ya waandishi kwa kalamu nyekundu mpaka magharibi. Ulinikuta katika hali hiyo ukasema: "Mjomba, Ijumaa baada ya alasiri njoo kwangu. Kuna watu wanasema Kiswahili na hawajui kunyamaza." Nilikuja kwa sababu mbili, na ya pili sikukwambia: mama yako alinituma nikatazame ni watu gani hao wanaokaa na binti yake. Niliingia, nikaona dadu zimemwagwa juu ya zulia, nyingine zina pande nyingi kuliko nilizopata kuziona, nikageuka kutafuta viatu vyangu. Ulinishika mkono wa kanzu. "Hakuna kamari hapa, Mjomba. Haitoki hata baisa. Anayeshinda anaosha vikombe."

Uliniketisha ukanieleza kwa subira, kama mimi nilivyowaeleza watoto wa watu kwa miaka mingi, lakini wewe hukunipigia meza. Kila mmoja ana mhusika wake, ambaye sifa zake zimeandikwa katika karatasi. Msimulizi anaeleza wahusika wako wapi na mbele yao kuna nini. Kila mmoja anasema mhusika wake anafanya nini, na penye shaka dadu huamua. Nikauliza kama huo si uongo. Ukasema ni hadithi ambayo haina mwenyewe. Nilitaka kukusahihisha, nikakosa pa kuanzia.

Nilikuta watatu. Khalfan, ambaye nilidhani ninamjua, alikuwa mbilikimo wa migodini. Otieno, fundi wa gereji aliyekuwa akikuandikia makadirio ya magari ya wateja wa kampuni ya bima uliyofanyia kazi, alikuwa kiumbe mwenye nusu ya damu ya kijini. Rehema wa Tanga, anayefanya kazi ya dobi katika hoteli kule Bustan, uliyemsikia dukani akigombana na mtu kwa simu ukamfuata kwa ajili ya lafudhi yake tu, alikuwa mwanamke wa msituni mwenye masikio marefu. Mimi nikasema nataka binadamu, mtu mzima, kadhi. Ukacheka. Hukuniambia kwamba wote watatu, kwa kanuni za kitabu, wana macho ya giza na wanaona usiku kama sisi tunavyoona magharibi, na kwamba Kadhi wangu peke yake ndiye kipofu jua likizama.

Na hadithi yako yote ilikuwa chini ya ardhi. Uliiweka ndani ya falaj iliyokauka, ile mifereji ya maji waliyoichimba wazee wetu chini ya milima. Nakumbuka mdomo wa falaj ya kwanza. Ulisema: "Mbele yenu ni giza tupu. Nani anatangulia?" Khalfan akanitazama mimi. Rehema akanitazama mimi. Otieno, ambaye hakuzaliwa katika desturi zetu lakini amekaa Maskati muda wa kutosha, akanyoosha mkono kana kwamba kuna mlango wa kweli: "Mwalimu, tafadhali." Ningefanya nini? Mkubwa akikaribishwa atangulie, hukataa mara moja kwa adabu, kisha hutangulia. Kadhi akatangulia, akatumbukia shimoni. Tukamtoa. Tukafika mlango mwingine, wakasema tena tafadhali, naye akatumbukia tena. Watu watatu wanaoona gizani wamesimama kwa heshima nyuma ya mzee asiyeona, wakimpisha aende akavunjike. Wewe ulijificha nyuma ya kadibodi, nikaona mabega yako yakitikisika.

Halafu mambo yakabadilika, na mimi nikadhani ni kwa akili yangu. Kadhi aliinua fanusi uliyompa akaona kwamba uzi uliofungwa mlangoni ni wa kijani, kama uzi wa kilemba cha mwizi tuliyekuwa tukimfuata. Kadhi alisoma maandishi ambayo wengine waliyapita. Kadhi alimtazama mlinzi usoni akajua anadanganya. Nilikuwa narudi nyumbani nimenyooka mgongo. Nilimpigia mama yako simu: "Leo Kadhi kawaokoa wote." Akasema mashallah, bila ya kujua nazungumza nini, nami nikalala vizuri.

Sasa nikueleze kilichotokea tangu ukae kimya.

Msimulizi hana mhusika, kwa hiyo Kadhi amestaafu. Otieno naye, baada ya dadu kumuulia yule kiumbe wake wa kijini, aliamua kuanza upya. "Nataka mtu wa kawaida, Mwalimu. Kama Kadhi wako." Nilifurahi kupita kiasi. Nikasoma kitabu cha kanuni chote, na kamusi ya Kiingereza pembeni, nikaendesha hadithi kama kilivyoandikwa. Wewe unanijua. Kanuni ikiwa imeandikwa, mimi huifuata.

Matokeo yake ni kwamba giza halikuwa tena na maana yoyote kwa Khalfan na Rehema, na kwa Otieno likawa kila kitu. Walikuwa wakiingia falaj kama mtu anayeingia jikoni kwake. Otieno akiwasha fanusi wanamwambia, "Zima hiyo, utatuletea balaa, wewe tungoje hapo." Walikuwa na haki, maana taa huonekana kutoka mbali. Basi mtu wake alikuwa akingoja mdomoni mwa falaj, na yeye mwenyewe akingoja na kikombe mkononi, Ijumaa baada ya Ijumaa. Mimi mkubwa walinitanguliza nikaanguka. Yeye kijana walimwacha nyuma.

Nilijaribu kurekebisha. Niliiletea falaj giza la kichawi ambalo hakuna jicho linalolipenya, ili wawe sawa. Rehema akaweka dadu chini. "Jamani Mwalimu, macho haya mtu wangu kazaliwa nayo. Kosa langu nini?" Kumpofusha anayeona ili asiyeona afarijike si uadilifu, ni uvivu wa hakimu. Nikamrudishia macho yake, na Otieno akarudi mlangoni.

Ijumaa ya kabla ya hii iliyopita, tulipomaliza, alisema polepole, bila ya ukali: "Mwalimu, si ati nimekasirika. Lakini mimi natoka kazini, naoga, nakuja hapa kukaa kwa mlango. Ijumaa ijayo msiningoje." Akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni, akamwita Rehema waondoke, kwa kuwa Rehema huja na kurudi kwa gari lake. Nikaelewa. Akiondoka Otieno, Rehema hana njia ya kutoka Bustan. Tungebaki mimi na Khalfan, na watu wawili wanaotazamana si kikao. Nilikiona kile kitu ulichokijenga kikinifia mikononi, na nyuma yake nikaiona kalamu yangu nyekundu.

Nilibaki nimekaa. Khalfan alikuwa akikusanya vikombe. Alisema bila ya kunitazama: "Mjomba, mbona husemi kama alivyokuwa akisema dada? Mie macho yangu yalikuwa yakifika hapa tu." Akaugusa ukingo wa zulia kwa kidole cha mguu. "Hapa, basi; kupita urefu wa zulia hili mtu wangu haoni. Na rangi sikupewa hata siku moja. Kila kitu kijivu. Ukinambia uzi wa kijani, mie naona uzi."

Nikamwambia kwamba habari ya kijivu imo kitabuni, katika sentensi moja, nami nilidhani ni pambo. Lakini habari ya zulia haimo.

"Ya zulia tulikubaliana," alisema. "Ile siku ulipotumbukia mara ya mwisho ukaenda zako kusali, tulimwambia dada, sisi hatuwezi kumpita Mjomba mlangoni, hata kwa mchezo. Na yeye akitangulia anakufa. Dada akasema, basi yapunguzeni macho yenu, na msimwambie. Otieno ndiye wa mwanzo kusema sawa."

Zuwena. Nilikaa nikitazama ukingo wa zulia lako. Miaka yote ile nilidhani Kadhi wangu ni mwerevu. Kumbe ninyi wanne mlikuwa mmekubaliana kuona kidogo, ili mzee mmoja apate la kuona. Nikatafuta ndani yangu kama nimeudhika, kwa sababu tabia yangu waijua. Sikukuta maudhi. Nilikuta shukrani, nyingi kuliko nilivyozoea kubeba, na nikamwomba Khalfan anipishe niendelee kukaa peke yangu kidogo.

Siku ya pili nilikwenda gereji kwa Otieno. Alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Mwenzake alipomwambia kuna mzee, alitoka haraka, akanifutia kiti cha plastiki kwa fulana yake na kukichafua zaidi. Nilikaa. Nikamwambia sikuja kumbembeleza, nimekuja kumshukuru, kwa sababu nimeambiwa nani aliyetoa macho yake kwanza. Aliona haya. "Ah, Mwalimu, hiyo ni kitu gani? Wewe ulikuwa unafurahi. Na sisi, kukuona ukifurahi, tulikuwa tunacheka hadi kwa gari."

Nikamwuliza kama na yeye angependa tumfanyie vivyo hivyo. Alitikisa kichwa. "Wewe ulikuwa hujui. Mimi nitajua. Nikihurumiwa, mchezo umekwisha." Kisha akaongeza, akitazama mikono yake: "Mimi sitaki wapunguziwe macho juu yangu. Nataka tu niwe na kazi."

Nilimwomba Ijumaa moja. Alisema atakuja kwa sababu nimekuja mpaka pale, si kwa sababu nyingine. Nikasema hiyo inatosha.

Wiki ile nilifikiri kuliko nilivyofikiri kwa mtihani wowote. Wewe uliifanya hisani yako kwa siri, na kwangu ilifaa, maana ningeijua ningeikataa. Lakini hisani ya siri haimfai mtu aliyeshiriki kuitunga. Kwake ilihitajika kanuni ya wazi, inayomshika kila mmoja na kumpa kila mmoja. Katika hilo, mwanangu, niliona kwamba ukali wangu unaweza kuwa na faida.

Ijumaa nilisoma hukumu yangu mbele ya wote kabla ya kurusha dadu. Mwenye macho ya giza anaona umbo; haoni rangi, haoni maandishi, na hawezi kujua kama uso ulio mbele yake unacheka au unalia. Macho yake yanafika mwisho wa zulia hili. Anayekwenda bila ya taa haonekani na adui, na hiyo ndiyo haki yake. Mwenye fanusi anaona kila kilicho karibu naye kwa ukamilifu, na kila kilicho mbali kinamwona yeye, na hiyo ndiyo gharama yake. Mwenye macho ya giza akiingia katika mwanga wa taa anafaidi kama wengine, lakini akirudi gizani macho hayamrudii papo hapo.

Rehema alilipima neno kwa neno. "Kwa hiyo nikienda mbele bila taa, hawanioni kabisa?" Nikasema hawakuoni. "Basi hapo sawa, Mwalimu. Hapo nimepata, sikupoteza." Khalfan akauliza kama zulia linaweza kuvutwa kidogo. Nikamwambia zulia halivutwi. "Hata upindo?" Nikamtazama, akachukua kikombe chake.

Walishuka. Walikuwa wakimtafuta mtoto wa mwenye kisima, aliyetekwa. Rehema alitangulia gizani, na safari hii kutangulia kulikuwa na maana. Nikamwambia: mbele yako, ukutani, ameketi mtu. Ana upanga magotini. Hajatikisika. Akaniuliza amelala au yu macho. Nikasema huoni. Ni mlinzi? Huoni. Akarudi akawaambia wenzake kwa kunong'ona, kwa kweli alinong'ona, ingawa tumekaa sebuleni. Khalfan akasema hakuna la kujadili, yeye atakwenda na shoka lake kabla mtu huyo hajaamka, na akanyanyua dadu.

Otieno akasema: "Ngoja."

Nikamkumbusha kwamba akiileta fanusi, kila aliyemo falaj ataiona. Akaitazama karatasi yake. Mimi nilikuwa nimeshika kadibodi kwa mikono miwili, kwa sababu sikujua atasema nini na sikuwa na njia ya kumsaidia; nilikuwa nimeahidi kutomsaidia. "Naleta," alisema.

Basi nikamwambia alichokiona. Upanga ni wa mbao, umepakwa rangi ya fedha, kama wanaouchezea watoto siku ya Idi. Kijana mwenyewe ana midomo ya buluu kwa baridi, na shati lake ni la manjano, lile lile ambalo mama yake alilieleza akilia. Rehema alitia mkono mdomoni. Khalfan akaiweka dadu chini taratibu, kana kwamba inaweza kuumiza mtu.

Kisha, kwa sababu kanuni ni kanuni, nikawaambia kwamba mwishoni mwa falaj kuna watu walioiona taa, nao wanakuja. Khalfan akapiga kelele kwamba alijua, alisema, hakusikilizwa. Rehema akamwambia, "Wewe ulitaka kumchinja mtoto wa watu, kaa kimya." Otieno akambeba mtoto na fanusi pamoja na kukimbia, na dadu zikawakataa kila zilipotupwa, na walitoka humo wamechubuka wote, wakicheka na kulaumiana mpaka jirani akabisha kuuliza kama kuna harusi.

Wakati wa kuondoka Otieno alikaa mlangoni akifunga viatu. Nilisimama karibu nikijifanya natafuta bakora yangu. Akasema: "Mwalimu, Ijumaa nitachelewa kidogo, kuna gari ya mtu wa Qantab namrudishia. Msianze." Nikamwambia hatutaanza.

Hizo ndizo habari zangu, Zuwena.

Nakushukuru kwa mkono ulionishika kanzu nikitafuta viatu. Nakushukuru kwa uzi wa kijani. Nakushukuru kwa kunyamaza kwako, kwa maana ungeniambia ningeondoka kwa kiburi, nikafa na gazeti mapajani. Watu husema vijana hawana adabu. Mimi nililelewa na mpwa wangu nikiwa na mvi, na sikuhisi uzito wa mkono wake.

Nakuahidi kwamba muda wote nitakaokaa mahali hapa, hakuna atakayeachwa mlangoni kwa sababu ya kile asichokiona, wala hakuna atakayenyang'anywa anachokiona. Na nikichoka, nitamkabidhi Rehema. Ana ukali unaofaa. Mama yako nitamtazama kila siku. Khalfan nitamgombeza inavyostahiki.

Sasa nakuaga, ingawa kukuaga sijakuzoea. Mola alipanue kaburi lako na alitie nuru isiyopungua, akukutanishe na wema waliotangulia, na atuweke sisi tuliobaki katika mapenzi uliyotuachia.

Mjomba wako akushukuruye,
Hamdun